Nilivyopeleka bunduki ya Baba Riziki polisi

Leo heshima yangu yote nimeiacha kwenye biro, ofisi ya polisi Lilongwe. Haikubaki hata kidogo ya kurudi nayo kambini Dzaleka.

Bamama ba kanisa, naandika mi mwenyewe kwenye hii groupe kabla Dikoni Ezekieli hajafungua kinywa. Tulikuwa naye. Ameona yote. Ameniapia kama atanyamaza, lakini tangu tushuke kwenye minibus anatembea mbele yangu mabega yakimtikisika. Mtu anayelia hatikisiki vile.

Basi sikieni kwangu. Na msiniletee bile vichwa vya njano vya kucheka.

Nianze na siri. Miaka yote hii nimekaa na bunduki ndani ya nyumba.

(Ndiyo. Mi. Mama Riziki wa cherehani. Yule yule anayefukuza batoto benu bakicheza vita na vijiti.)

Bunduki ilikuwa ya marehemu Baba Riziki. Kwetu Fizi, Kongo, alikuwa mwindaji, na alikuwa na karatasi ya serikali ya kumruhusu. Kalibre duze, ya risasi namba kumi na mbili, ya kufukuza nyani kwenye mihogo. Aliipenda ile bunduki! Alikuwa anaipaka mafuta kila Jumamosi. Mi alinipaka mafuta mara moja, siku nilipoungua na sufuria. Aliipa hata jina: Mwalimu, kwa sababu ilikuwa inafundisha mara moja tu.

Mi sikuwahi kuigusa. Kwetu bibi ya mwindaji, ni kusema mke wake, haangalii chuma cha bunduki. Akikiangalia, bunduki inakuwa kipofu, haipati tena kitu. Mi nimeokoka, mambo ya namna ile sifuati. (Lakini sikuangalia. Mtu anaweza kuokoka na abaki na adabu.)

Siku tuliyokimbia, Baba Riziki alitokea nyuma ya nyumba na mkeka umekunjwa. Ndani kulikuwa kitu kirefu, kizito, kimefungwa na matambara. Akaniambia kwenye sikio: "Mwalimu iko humu. Usimwambie mtu. Usifungue."

Njia yote nilitembea nyuma ya ule mkeka. Nilikuwa natetemeka, lakini nilikuwa natembea. Bengine walikuwa wanakaa chini na kulia. Mi nilikuwa naangalia ule mkeka kwenye bega yake na miguu inaenda.

Tulivyofika Dzaleka akaupandisha kwenye miti ya paa, juu ya kitanda chetu kabisa. Mbwa akibweka, nikishtuka, alikuwa ananiambia: "Lala, Mama Riziki. Mwalimu iko." Na mi nalala mpaka asubuhi. Panya wakikula kitambaa, nashona kingine juu ya kile cha zamani. Nafunga macho, sindano inajua njia. Nafikiri nilishona vitambaa saba. Kwa ile kazi sikuwahi kutumia uzi mbaya.

Baba Riziki akafa. Sasa ni mwaka wa sita. Bunduki ikabaki na mi.

Shida ikaanza na dosye, faili yetu ya kuhamia nchi ya mbali. Juma linalokuja tuko na mahojiano ya kusafiri, mi na binti yangu Riziki na batoto bake. Banaotangulia waliniambia kuna swali moja: "Umewahi kukaa na silaha?" Na unajibu umeinua mkono. Mi sidanganyi. Munanijua. Nikisema ndiyo, dosye inakufa, na Riziki amengojea ile safari tangu hana mtoto hata mmoja, sasa iko na batoto bane. Nikisema hapana, Mungu iko anasikia.

Nikaenda kwa Dikoni. Kwa bageni ba groupe: Dikoni Ezekieli ni Mrundi, alikuwa mwalimu wa shule kwao. Anasoma kifaransa, Chichewa anasema kama mwenyeji, na anaogopa kila kitu kuanzia bata.

Nikamwambia yote. Akafunga mlango. Akafunga dirisha. Akakaa.

"Mama Riziki, sheria ya hapa iko wazi. Mwenye bunduki akifa, bunduki inapelekwa polisi. Kukaa nayo bila leseni ni gereza."

"Basi tunaipeleka."

"Tunaipeleka? Ba nani?"

"Mi na we. We njo unajua Chichewa."

Akaomba maji. Nikampa. Akaomba mengine.

Polisi ya karibu sikutaka. Hapa Dzaleka ukipiga chafya asubuhi, saa sita kanisa lote linakuuliza kama umepona. Nikasema tunaenda Lilongwe, kule hakuna anayenijua.

Leo asubuhi nikashusha Mwalimu. Nikamshonea kitambaa cha nane, cheusi, cha heshima. Nikambeba kwenye bega kama Baba Riziki. Kwenye minibus Dikoni akapanda wa kwanza, akaenda kukaa siti ya nyuma kabisa kama hatujuani.

Kwenye barrière polisi akasimamisha gari. Akachungulia. Akaniona.

"Amayi, mwanyamula chiyani?" Anauliza nimebeba nini.

Nyuma nikasikia Dikoni ameanza Zaburi.

Chichewa changu ni cha sokoni. Nikasema kile nilichokuwa nacho, na kilikuwa kweli: "Ya amuna anga. Anamwalira." Ya mume wangu. Alikufa.

Yule polisi akaangalia kile kitu kirefu, kitambaa cheusi, na mi mwenyewe na uso wangu huu. Akafikiri ni msalaba wa kaburi. Akavua kofia!

"Pepani, amayi."

Pole, mama. Gari zima likaitika: "Pepani, amayi." Mama moja akanipa ndizi.

(Nilikula. Sikuwa nimedanganya mtu.)

Tulivyoshuka mjini jua lilikuwa kali, na biro iko mbali. Nikakumbuka mwavuli wangu mwekundu wa maua meupe, ule mama yangu alinipa siku ya ndoa, wa kubonyeza unafunguka wenyewe. Kijiji kizima hakukuwa na mwingine. Ulipotea siku ile ile ya kukimbia, na aliyeuiba ni wifi yangu Furaha, dada ya Baba Riziki. Namkumbuka kila jua likiwaka na kila mvua ikinyesha. (Ni kusema, kila siku.) Sasa munajua kwa nini mi na Furaha tunasalimiana "Bwana asifiwe" bila mikono. Na Baba Riziki, kila nikianza habari ya ule mwavuli, alikuwa anakohoa na kutoka nje. Nilikuwa namchemshia majani ya kifua.

Tukafika. Biro ya bunduki iko na benchi ndefu, na kwenye benchi banaume bamekaa bakingoja kufanya leseni zao upya. Nikakaa katikati, Mwalimu kwenye magoti. Dikoni akakaa karibu na mlango.

Pembeni yangu mzee mnene wa mtaa wa Area 47, shati imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Aliwahi kufanya kazi Mbeya, Kiswahili iko nayo.

"Mama, na wewe unafanya upya?"

"Mi narudisha. Ya marehemu."

"Pole sana. Ya aina gani?"

"Kalibre duze."

Macho yakamfunguka kama mtu aliyesikia jina la kijiji chao. "Kama yangu! Ya mtutu mmoja au miwili?"

Sikujua. Nikasema: "Ya kutosha."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Akaanza kunilalamikia sheria. Iko na shamba huko Dowa, fisi wanamsumbua. "Kila mwaka leseni, mama! Wanakuja mpaka nyumbani kuangalia kama sanduku la chuma limefungwa ukutani. Risasi wanazihesabu moja moja kama mayai ya kuku. Mke wangu ananiambia, tangu unioe sijaona kabati lenye ufunguo, lakini hiyo yako inalala ndani ya chuma!"

"Na inaitwaje?"

Akaona haya kidogo. "Agogo."

"Nyanya mzee? Bunduki?"

"Ni ya zamani, haisemi ovyo, lakini ikisema wote wanakaa chini."

Nikampenda yule mzee.

Upande mwingine alikuwa mlinzi, kijana mrefu wa Area 23. Akasema jambo kwa Chichewa, bantu bakacheka. Dikoni akatafsiri kutoka mlangoni: anasema bunduki ya kazini iko na karatasi nyingi kuliko yeye mwenyewe. Yeye anapenda rungu. Rungu haliombi leseni.

Hapo njo nilikosa. Ningenyamaza! Lakini mnajua mtu akisifu mtoto wake mbele yako, na wako iko kwenye magoti.

Nikasema: "Hii yangu mnayoiona, ilipiga nguruwe pori bawili na risasi moja."

"Wawili!"

"Wa tatu alikufa kwa woga."

(Ni Baba Riziki alisema. Mi nilirudilia tu.)

Mzee wa Area 47 akawatafsiria bengine. Bakasogea. Nikawaambia jinsi chui alisikia jina la Mwalimu akahama kijiji. Nikawaambia jinsi ilivyotuvusha njia nzima hakuna aliyetugusa. Nikasimama. Nikaonesha namna ya kuilenga. Mi, bibi ya mwindaji, ambaye hajaona bunduki na macho yake! Mlinzi akaniachia kiti chake, na nilikuwa na kiti tayari. Mzee wa Area 47 akaomba aiguse kidogo tu kwa nje. Nikamruhusu. Akaigusa na vidole viwili, akasema taratibu: "Hii ni chuma kweli."

Tukaitwa.

Sajini ni mwanamke, uso kavu kama wangu. Nikaona tutaelewana. Dikoni akasogea. Benchi yote ikainuka ikaja nyuma yetu kuaga Mwalimu.

Sajini akauliza kama iko na risasi ndani. Dikoni akatafsiri kwa sauti ya mgonjwa.

"Sijui," nikasema. "Mume wangu alisema isichezewe."

Bantu bote bakarudi nyuma hatua moja. Dikoni tatu.

Sajini akavaa glavu. Akachukua mkasi. Akakata kitambaa cheusi. Chini yake kitenge. Akakata kitenge. Chini yake kipande cha baché, lile turubai la paa. Uzi ukamshinda, akaongeza nguvu, jasho likatoka.

"Nani alishona hii?"

"Mi."

Akaniangalia. "Unashona na uniforme?"

"Ukileta kitambaa."

Akaendelea. Cha nne. Cha tano. Unasikia mkasi tu. Cha saba. Cha nane. Sasa yakabaki matambara ya Baba Riziki mwenyewe, fundo lake nikalijua. Mi nikageuza uso kwenye ukuta. Adabu ni adabu.

Nikasikia sajini anasema: "Kuna kitu cha kubonyeza hapa..."

PAAA!

Yesu wangu!

Nilivyogeuka, biro haikuwa na mtu. Mlinzi wa Area 23 iko nje, nasikia viatu vyake vinaenda. Sajini iko chini ya meza. Dikoni iko chini ya benchi anaita mama yake kwa Kirundi. Mzee wa Area 47, na shati yake ya pasi, amelala kifudifudi, mikono kwenye kichwa, anasema "Agogo, Agogo," sijui anamuita nani. Bote bamekaa chini kama alivyosema.

Nimesimama mi peke yangu. (Si ujasiri. Magoti yalikataa kukunjika.)

Na juu ya meza ya polisi, umefunguka wote, umejaa mavumbi na mende bakavu, waya mmoja umepinda: mwavuli. Mwekundu. Wa maua meupe.

Pembeni yake mpini wa jembe, mzito, umefungwa kamba. Wa kuongeza kilo.

Sajini akainua kichwa, akaona. Akaangalia mwavuli. Akaniangalia mi. Akaangalia tena mwavuli.

"Amayi," akasema. "Nguruwe wawili?"

Bamama, nimezaa batoto sita, nimezika mume, nimevuka mipaka kwa miguu. Sijawahi kutaka ardhi ipasuke kama dakika ile. Kuna mtu alianza kucheka chini ya benchi, na nilimjua kwa soksi.

Kwenye mti wa mwavuli kulikuwa karatasi imefungwa na uzi. Sajini akaona kifaransa, akampa Dikoni. Dikoni akafuta macho, akasoma. Karatasi ya biro ya chefu, mkubwa wa serikali kwetu: tumepokea bunduki moja ya kuwinda kutoka kwa fulani, ni kusema mume wangu, ameirudisha mwenyewe. Na mhuri. Tarehe ni siku mbili kabla hatujakimbia.

Yule mtu alirudisha bunduki! Sheria ilisema usitoke na bunduki, akairudisha, akachukua karatasi, akanyamaza.

Nyuma ya karatasi, mwandiko wake wa penseli, Kiswahili, mi mwenyewe nikausoma:

"Mama Riziki. Kama unasoma hii, umefungua, na nilikukataza. Bila Mwalimu ungekataa kutoka nyumbani. Mwavuli nimechukua mi. Tukifika salama nitakuambia."

Tulifika salama. Alikuwa anakohoa.

Hapo na mi nikaanza. Sikutaka! Nilitaka kukasirika, nilikuwa na haki. Lakini kicheko kilipanda kutoka kwenye miguu, nikashika meza, machozi yakatoka. Sajini akaniona, akashindwa na yeye, glavu kwenye mdomo. Mzee wa Area 47 akainuka akijipangusa mavumbi, akasema: "Mama, yangu na leseni yake yote haijawahi kulaza polisi chini. Yako imelaza." Mlinzi akarudi kuchungulia mlangoni, akaambiwa, akaenda tena kucheka nje.

Basi sajini akakunja mwavuli akanipa. Anasema niende, mwavuli hauna leseni.

Nikakataa.

"Nilikuja kuchukua karatasi. Sitoki bila karatasi."

"Karatasi ya nini, amayi? Ya mwavuli?"

"Juma linakuja naulizwa kama nimewahi kukaa na silaha. Andika umeona nini."

Akaniangalia sana. Akachukua kalamu. Dikoni amenisomea mara tatu, na leo nimeiweka ndani ya Biblia: imeonekana mwavuli mmoja na mpini wa jembe mmoja, si silaha. Siniature, sahihi yake. Mhuri. Riziki mtoto wangu, ukisoma hii, lala salama, dosye yako haina doa.

Sasa tulipofika Dzaleka sikupita nyumbani. Nilienda moja kwa moja kwa Furaha, ule upande wa kisima, mwavuli nimeufungua juu ya kichwa. Bantu banaangalia. Baangalie.

Furaha alikuwa anachambua maharage. Akainua macho. Akaona mwavuli. Sahani ikaanguka.

"Ulikuwa wapi?"

"Juu ya kitanda changu. Kaka yako njo aliuchukua. Aliniambia ni bunduki."

Mi nikangoja anitukane, nilikuwa nimejitayarisha njia yote. Midomo ikaanza kumtetemeka, kumbe si kilio. Akakaa chini kwenye maharage yake akacheka mpaka kilemba kikatoka.

"Kaka yangu! Kaka yangu mwongo! Na mi naitwa mwizi miaka yote, juu ya kitu kiko juu ya kichwa chako!"

"Ndiyo."

"Sema tena."

"Ndiyo, wifi. Nisamehe."

Akanishika mkono. Mkono, bamama! Nilikuwa nimesahau kama mkono wake ni mkali hivi, wa mtu wa jembe. Akaomba amguse Baba Riziki, ni kusema ile karatasi. Akasoma mpaka "Tukifika salama nitakuambia", mi nikamwambia kaka yake alivyokuwa anakohoa, tukaanza tena wote wawili.

Halafu akapangusa uso akanipa hukumu. Hataki kitu. Anataka Jumapili, kutoka mlango wake mpaka mlango wa kanisa, atembee na mikono mitupu, na mi nimbebee mwavuli juu ya kichwa. Pole pole. Njia ya sokoni, si ile ya nyuma.

Nimekubali. Mi nikisema, nimesema.

Kwa hiyo Jumapili mtatuona. Mwavuli mwekundu, waya mmoja umepinda, Furaha chini yake kama harusi, na mi pembeni kwenye jua. Miaka hii yote nimelala usingizi mzuri chini ya mwavuli na mpini wa jembe, na Baba Riziki, popote uko, asante, na tutaonana.

Naomba njiani mtu asicheke. Bunduki sina, iko kwenye karatasi na mhuri. Lakini mpini polisi bamenirudishia, na ule hauombi leseni.